Mbwa Asiyebweka

Zunguka mji wowote wa nchi hii, iwe Dar, Mwanza, Mbeya au hapa kwetu Tukuyu, getini utakutana na bango lile lile: MBWA KALI. Walimu wa Kiswahili wamelia mpaka wamechoka kwamba mbwa ni kiumbe, kwa hiyo ni "mbwa mkali". Wapi! Fundi wa mabango anajua wateja wake wanataka nini. Wanataka mwizi asome, atetemeke, aondoke, na mambo ya ngeli wajuane na BAKITA.

Bango ambalo sijawahi kuliona popote ni la MBWA MWOGA. Na Aprili mwaka 2024, kwa karibu mwezi mzima, kazi yangu ya jioni ilikuwa kumtafutia nyumba mbwa wa namna hiyo.

Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba gazeti lilinileta huku Rungwe kuandika habari za chai, ndizi na parachichi. Mimi ni mtu wa mjini niliyesoma Mwanza, na nilidhani mvua naijua. Ndugu zangu, mvua ya Tukuyu ni nyingine! Inapita milimita elfu mbili kwa mwaka, na mwezi wa nne inanyesha kana kwamba kuna mtu anaidai. Kwa hiyo kila mwanaume wa mji huu anatembea na mwamvuli, jua liwepo lisiwepo. Ishike vizuri habari hii ya mwamvuli, maana huko mbele tutaihitaji.

Nyumba ya pili kutoka ninapopanga aliishi mama mmoja, mwalimu mstaafu. Mtaa mzima tulimwita Mwalimu, basi. Tukuyu haina kituo cha kuhifadhi mbwa waliotupwa. Arusha wana Mbwa wa Africa, na Nairobi wana KSPCA, chama ambacho mizizi yake inarudi hadi mwaka 1910 na ambacho watu huenda kuchukua mbwa au paka wa kufuga. Huku kwetu kilichokuwepo ni banda la kuku la Mwalimu. Kuku walikufa kwa mdondo, na badala ya kununua wengine akaanza kuokota mbwa. Siku nilipofahamiana naye alikuwa nao watano.

Mwanzoni mwa mwezi ule akaniita.

"Mwanangu, binti yangu anataka nihamie kwake Dar. Miguu hii haipandi tena vilima vya Tukuyu. Nyumba imepata mnunuzi, na tarehe thelathini nakabidhi funguo. Sasa wewe unaandika magazetini, unajuana na watu. Nisaidie hawa."

Wanne waliondoka ndani ya wiki moja. Wawili walikuwa wakubwa na wana sauti nzito, wakagombewa kama viwanja. Wa tatu alichukuliwa na kijana wa gereji, wa nne akaenda kwa mchungaji mmoja. Akabaki wa tano, jike la rangi ya udongo, umri wa miaka miwili hivi, sikio moja limechanika. Huyu alikuwa anakaa kona ya ndani kabisa ya banda, uso ameuelekeza ukutani. Ukisogea mlangoni anajikunja anakuwa mdogo. Ukiingia anajikojolea.

Mwalimu alinieleza historia yake. Wenye mbwa walikuwa na ugomvi na majirani. Sasa unajua mambo yetu ya kuwapa mbwa majina ya vijembe: Utajiju, Hayawahusu, Tabu Tupu. Huyu walimwita Watasema. Kila jioni baba mwenye nyumba anasimama uani na kupayuka, "Wee Watasemaaa! Njoo hapa Watasema!" ili jirani asikie. Jirani naye, kwa kuwa hawezi kumpiga mwenye mbwa, anampiga mbwa. Fimbo, jiwe, maji ya moto. Mbwa mwenyewe amefungwa mnyororo kwenye mgomba na hana pa kukimbilia. Siku familia ile ilipohama iliufungua mnyororo na kuondoka nao, mbwa ikamwacha.

Kwa hiyo jina lake lilikuwa silaha. Ukilitaja tu, anatetemeka. Mwalimu hakulitumia kabisa. Alimwita "wewe", kwa sauti ya chini.

Na ule mwamvuli sasa. Mbwa aliyepigwa fimbo miaka miwili anaona nini mwanaume akija na mwamvuli uliokunjwa? Anaona fimbo. Na Tukuyu, kama nilivyosema, kila mwanaume ana mwamvuli. Yaani yule mbwa alikuwa anaishi kwenye mji ambao kila mpita njia kashika kitu cha kumpigia. Wahenga walishasema, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Huyu unyasi ulimzunguka pande zote.

Mwalimu alikuwa ameshamweleza bwana mifugo, na bwana mifugo alikuja. Ni kijana wa rika langu, tunaitana "mkuu". Alichuchumaa nje ya banda, akamtazama mbwa kwa muda mrefu, kisha akatuambia kitu ambacho bado nakikumbuka:

"Mwalimu, ya chanjo ninayo kwenye kisanduku cha barafu hapa. Ya kumlaza moja kwa moja nayo ninayo ofisini. Chagueni."

Mwalimu akasema mpe chanjo. Halafu akaongeza, taratibu kabisa, "Lakini tarehe ishirini na tisa uniletee ile nyingine. Simwachi barabarani."

Nilimwelewa. Mbwa asiye na mwenyewe katika miji yetu mwisho wake unajulikana: sumu, risasi, au gari. Halmashauri nyingi zimewahi kutangaza kuwaua mbwa wanaozurura, na hofu iliyopo nyuma ya matangazo hayo ni ya kweli. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 99 ya watu wanaokipata wamekipata kwa mbwa. Ila shirika hilo hilo linasema kuua mbwa hovyo hakukimalizi. Ukiwaua wa mtaa huu, wa mtaa wa pili wanahamia, nao hawajachanjwa. Kinachokimaliza ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, na ukiumwa, kuosha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15 na kuwahi hospitali siku hiyo hiyo. Hayo nayaandika hapa kwa sababu kila nikiyaandika gazetini yanakatwa ili tangazo lipate nafasi.

Basi nikaanza kutafuta. Wa kwanza alikuwa mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi, tajiri kiasi, na wezi walikuwa wameshamtembelea mara mbili.

"Anabweka?" akaniuliza.

"Habweki, mzee."

"Anauma?"

"Akibanwa kona, anaweza."

Akavua miwani. "Sasa kijana, unataka kuniletea mbwa ambaye mwizi akija ananyamaza, mimi nikienda kumlisha ananing'ata?"

Tulicheka wote wawili, lakini mzee alikuwa amesema kweli ambayo watu wengi hawaijui. Tunadhani mbwa mwoga ni mbwa salama, na si hivyo. Mbwa mwoga akiwa na njia ya kukimbia, atakimbia. Ukimzibia njia, kilichobaki ni meno. Na kabla ya meno huwa anasema, ila sisi hatumsikii: anageuza uso, analamba midomo wakati hakuna chakula, anapiga miayo wakati hana usingizi, anainamisha mwili na kuficha mkia. Sisi tunaona mbwa mpole, tunanyoosha mkono kichwani.

Wa pili walikuwa mume na mke, watumishi wa serikali, watu wazuri sana. Wana watoto wawili, mmoja wa miaka minne na mwingine sita. Watoto walishaanza kubishana nani atalala naye. Mwalimu aliwasikiliza mpaka mwisho, akawapa chai, akawakatalia.

"Mtoto wa miaka minne anakumbatia," aliwaambia. "Na huyu hajui kukumbatiwa ni nini. Atajua anakamatwa. Nendeni mkatafute kitoto cha mbwa kilichozaliwa kwenye nyumba yenye watoto."

Mama yule aliondoka amenuna, na sikumlaumu. Lakini Mwalimu, ambaye hakuwahi kusomea wanyama, alikuwa amegusa jambo ambalo wataalamu wamelifanyia kazi. John Paul Scott na John Fuller, Wamarekani waliochunguza mbwa kwa miaka mingi huko Bar Harbor, jimbo la Maine, walichapisha kitabu mwaka 1965 kinachoeleza kwamba mbwa ana dirisha la kuzoea watu, kuanzia kama wiki ya tatu hadi ya kumi na mbili ya maisha yake. Akiguswa vizuri na watu wakati huo, dunia inakuwa ya kawaida kwake. Dirisha likipita bila hivyo, kila mtu ni mgeni, na kumzoesha kunakuwa kazi ya muda mrefu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, tunasema. Kumbe na mbwa.

Wa tatu alikuja na kamba mkononi. Hakuuliza chochote, hakutaka hata kumwona vizuri. Ana shamba la mahindi, nyani wanamsumbua, anataka kitu cha kufunga shambani. Mwalimu akamuuliza, "Kwa mnyororo?" Akajibu, "Mama, mbwa si mbwa?" Mwalimu akamsindikiza hadi barabarani kwa heshima zote, akarudi, akafunga mlango wa banda kwa komeo.

Ilikuwa tarehe kumi na saba.

Usiku ule nilikaa nikawaza kama mwandishi. Tulichokuwa tunafanya wote ni kumwuza mbwa kwa sifa ambazo hana. "Mpole", "mtulivu", "hana shida". Mtu anakuja na picha kichwani, anakuta kitu kingine, anaondoka. Nikachukua karatasi nikaandika tangazo kama tulivyofundishwa kuandika habari: nani, nini, wapi, lini, kwa nini. Likasomeka hivi:

"Mbwa jike anatafuta nyumba. Habweki. Halindi. Anaogopa wanaume, fimbo, miamvuli na sauti kubwa. Hawezi kuishi na watoto wadogo. Asifungwe mnyororo. Amechanjwa kichaa cha mbwa na cheti kipo. Anakula kama hakuna anayemtazama. Atakayemchukua asitegemee kupendwa mapema. Mwisho tarehe 29 Aprili."

Mhariri wangu angelitupa kapuni. Nililirusha kwenye makundi ya WhatsApp ya mji, na nakala nikaibandika kwenye mlango wa duka la pembejeo. Kwenye makundi nilichekwa siku mbili mfululizo. Mmoja akaandika, "Huyo siyo mbwa, huyo ni mwanafunzi wa form one." Mwingine akauliza kama anakubali mkopo.

Kule mlangoni kwa duka la pembejeo, mama mmoja aliyekwenda kununua pumba alilisoma lote, akarudia, akamwomba mwenye duka namba yangu.

Mama huyu ni mjane wa makamo kutoka upande wa Kyimo, anafuga ng'ombe wa maziwa ndani ya zizi kama wafanyavyo wengi huku. Nyumbani ni yeye na bintiye mkubwa tu. Alifika kwa Mwalimu siku ya pili yake asubuhi, na mwamvuli wake akauacha barabarani, ameuegemeza kwenye uzio. Aliingia mikono mitupu. "Mugonile," akamwamkia Mwalimu kwa adabu zote, kisha akaomba kigoda.

Mimi nilitegemea atakwenda kumwita mbwa. Hakumwita. Aliweka kigoda ndani ya banda, karibu na mlango lakini pembeni, njia ikabaki wazi. Akakaa akimpa mbwa mgongo. Akaanza kuzungumza na Mwalimu kwa Kinyakyusa habari zao za kilimo na za misiba. Nusu saa. Saa nzima. Mvua ikaanza kupiga bati. Mbwa akageuza uso kutoka ukutani. Hakusogea, hapana, tusidanganyane; aligeuza uso tu, pua ikawa inachezacheza. Yule mama alinuka ng'ombe na maziwa, na nadhani ile harufu haikuwa na fimbo ndani yake.

"Kwa nini unamtaka huyu, mama?" nilimuuliza alipotoka. "Halindi."

"Baba, nina mbwa dume mzee pale nyumbani, mwenzake amekufa. Tangu hapo hali vizuri. Mlinzi sitafuti. Natafuta wa kukaa naye."

Jambo hili nalo lina ukweli wake. Wanaohifadhi mbwa watakwambia kwamba mbwa mwoga hujifunza haraka zaidi akiwa na mbwa mwingine aliyetulia kuliko akiwa na mtu mwenye maneno mengi. Anamtazama mwenzake anavyomwendea binadamu na kurudi salama, anapiga hesabu zake.

Alikuja siku tano mfululizo, kila akimaliza kupeleka maziwa mjini. Siku ya nne mbwa alikula akiwa yule mama yumo bandani. Tarehe 26 tukamhamisha kwa Bajaji, ndani ya tenga la kubebea kuku lililofungwa kwa kitenge cha Mwalimu alichokilalia wiki nzima makusudi, ili harufu isafiri naye. Dereva aliambiwa asipige honi. Alijitahidi mpaka kona ya kwanza!

Bwana mifugo nilimpigia simu mwenyewe. "Mkuu, ile ya tarehe ishirini na tisa, usije."

"Sijaiandaa," akajibu. "Nilikuwa naomba."

Msidhani sasa nitawaambia kwamba mbwa alibadilika akawa anaruka na kulamba wageni. Wiki tatu za kwanza alikaa chini ya hori. Alikuwa anatoka usiku tu, nyuma ya lile dume zee, kama kivuli chake. Mwezi wa saba nilipokwenda alinichungulia kutoka nyuma ya zizi, akarudi, akachungulia tena. Sikumsogelea. Nilikaa kwenye kigoda kumpa mgongo, kama nilivyoona wanaojua wakifanya. Mwamvuli niliuacha barabarani nikalowa chapachapa.

Jina jipya kapewa: Ndaga. Kwa Kinyakyusa ni asante. Nilimuuliza mama kwa nini jina hilo, akaniambia ni neno ambalo watu hawalipayuki. Hebu jaribu mwenyewe kulitamka kwa hasira, uone.

Kule Gulu, kaskazini mwa Uganda, kuna mwanasaikolojia anaitwa Francis Okello Oloya, aliyepoteza macho utotoni kwa bomu. Mradi wake, chini ya shirika la The BIG FIX, unawakutanisha manusura wa vita vya LRA na mbwa waliokuwa hawana makao. Mtu anayeshtuka usingizini anaahidi kumtunza mbwa maisha yake yote, na katika kumtunza naye anatulia. Zamani nikisoma habari hizo niliziona ni nzuri tu. Baada ya Kyimo naona zina mantiki. Kiumbe aliyeumizwa hana haja ya kuambiwa asiogope. Anahitaji mtu atakayekaa pale pale, siku baada ya siku, bila fimbo, mpaka hesabu zake zikubali. Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, nayo inakataza ukatili. Lakini sheria inaweza kumzuia mtu kupiga. Haiwezi kumfanya akae kwenye kigoda.

Kuna wasomaji wataniuliza, na wana haki: nchi ina watoto wa mitaani, wewe unahangaika na mbwa? Nilimuuliza Mwalimu swali hilo hilo siku anafunga mizigo. Alifundisha darasa la kwanza kwa zaidi ya miaka thelathini. Akaniambia kwamba kila mwaka alikuwa anapata mtoto mmoja au wawili wa aina ya Ndaga, wanaokaa nyuma wakitazama ukuta, na kwamba hakuna hata mmoja aliyegeuka kwa kuitwa kwa sauti. "Ni kazi ile ile, mwanangu. Anayeiweza kwa mmoja anaiweza kwa mwingine."

Mwisho wa mwezi wa tisa, wakati wa kampeni ya chanjo ya Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ambayo huwa tarehe 28 Septemba, nilipita tena Kyimo kuandika habari. Jioni simu yangu ikaita. Mwalimu, kutoka Dar. Hakuuliza kama amenenepa, wala kama anabweka.

"Anakula mbele ya watu?"

"Anakula, Mwalimu. Leo amekula mimi nikiwepo."

Kimya. Nikasikia honi za daladala za huko nyuma yake, na mjukuu analia.

"Haya," akasema. "Basi nimefika Dar."